Kidonge cha Jioni

Wagonjwa wa moyo walimwita Daktari wa Mito, na mwenyewe alijua. Mtu hajaketi vizuri kwenye kile chumba cha mwisho wa korido, tayari keshaulizwa, "Unalalia mito mingapi?" Mgeni angedhani ni mzaha, au kwamba daktari ana ndugu anayeuza pamba. Wazoefu walijua si mzaha. Moyo ukichoka, maji hupanda mapafuni, na mgonjwa akilala chali huona anazama kitandani mwake mwenyewe. Basi hujiinua, mto juu ya mto, mpaka mwisho analala ameketi kama mlinzi wa geti. Mito ikipungua, kuna nafuu. Ikiongezeka, hakuna haja ya kuuliza mengi.

"Mmoja," alijibu Bi Akiba kabla mumewe hajafungua mdomo.

"Nimemuuliza mwenye kichwa, mama," daktari akasema.

"Kichwa chake nakijua mimi. Si ndiye ninayemfulia foronya?"

Mumewe, kinyozi wa karibu na stendi, akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamchukua muda. Daktari alingoja, kisha akapiga goti mbele yake, akambonyeza mguu kwa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki palepale kama kwenye unga uliokandwa. Ziara iliyopita halikuwa na kina hicho.

"Vidonge vyetu unameza vyote, baba? Asubuhi na jioni?"

"Mke wangu hunitilia mkononi mwenyewe. Mimi kazi yangu ni kufungua mdomo tu."

Bi Akiba alikwisha kufungua mkoba na kuiweka mezani chupa tupu, kama mtu anayerudisha sufuria ya kuazima, safi na imekauka. Haikubaki hata punje. Wagonjwa wengine walirudisha chupa zenye vidonge vilivyosahauliwa, au hawakurudisha kabisa. Chupa ya Bi Akiba haikuwahi kukosea, na daktari aliwahi kumsifu mbele ya benchi zima: "Mkitaka kujua kumtunza mgonjwa, muulizeni mama huyu." Siku hiyo Bi Akiba alitazama chini. Watu wakadhani ni haya ya mtu mzima anaposifiwa.

Kisha kinyozi akatakiwa kutembea koridoni, kwenda na kurudi, daktari akimfuata nyuma na saa. Miezi michache nyuma alikuwa akitembea huku akiwapigia soga wauguzi. Leo alifika katikati, akashika ukuta, akajifanya anasoma tangazo la kunawa mikono. Alilisoma kwa muda mrefu sana.

"Jirani zetu wana kelele," Bi Akiba akasema. "Hakulala vizuri."

Daktari aliandika dakika kwenye faili. Mguu ulikuwa unasema jambo moja na mto unasema jingine, na yeye kazi yake yote ilikuwa kutokubali mambo ya namna hiyo yapite hivihivi.

Maana huyu hakuwa daktari wa kutibu tu. Alikuwa mtafiti, na watu wengi, hata mama yake mzazi, hawakuelewa tofauti. Daktari wa kawaida anataka mgonjwa apone. Mtafiti anataka hivyo pia, lakini anataka zaidi kujua kilichomponya, na kujua kuna masharti makali. Wagonjwa wote wa utafiti ule waliendelea na dawa zao za siku zote. Juu yake, nusu yao waliongezewa dawa mpya, na nusu kidonge kitupu, cheupe vilevile, cha mviringo vilevile, cha unga tu, kisicho na dawa ndani. Nani kapata kipi, mgonjwa hakujua, na daktari hakujua. Siri hiyo ilikaa kwa watu wa mji mwingine ambao hawajawahi kumwona kinyozi wala miguu yake. Daktari alipomwona mgonjwa akichangamka, hakutakiwa kushangilia. Alipomwona akizidiwa, hakutakiwa kukisia. Ilikuwa kazi ya kufunga moyo kwa kamba, na jioni nyingine kamba ilimkata.

*

Jina la Bi Akiba lilitoka mtaani, na hakulichukia. Vipande vya sabuni alivigandamiza vikawa sabuni nyingine. Mshumaa haukufa nyumbani mwake, ulizaliwa upya. Mumewe alikuwa akiwaambia wateja, "Mimi nikifa msihangaike, mke wangu amekwisha kuniwekea pumzi kwenye kopo." Wateja walicheka, na yeye Bi Akiba akisikia alisema, "Chekeni. Akiba haiozi."

Sasa wateja walikuwa wamepungua, na waliobaki hawakucheka sana. Kazi ya kinyozi ni ya kusimama, na kinyozi huyu alikuwa ameanza kunyoa ameketi kwenye stuli, mteja akiinama kama anayeungama. Wiki ile ile ya ziara, mwalimu mmoja aliyenyolewa pale tangu hajaota ndevu aliketi, akafungwa shuka shingoni, akasikia wembe ukitetemeka nyuma ya sikio.

"Fundi," akasema taratibu, "nimekumbuka nina kikao."

"Nusu kichwa, mwalimu?"

"Nitarudi."

Alivua shuka, akalikunja vizuri, akaliweka kitini, akatoka na nusu kichwa. Jioni kinyozi alimwona mwalimu yuko kwa kinyozi mwenzake ng'ambo ya barabara, amefumba macho, anamaliziwa. Hakumwambia mkewe. Alimwambia tu kwamba leo hajisikii kula.

Mkewe alimletea maji na kidonge cha jioni. Akakimeza. Akapanda kitandani, ambapo palikuwa na mito mitatu, na koti kuukuu limekunjwa chini yake.

Kidonge kile cha jioni hakikutoka kwenye chupa ya utafiti. Kilikuwa cha vitamini, kutoka duka la dawa la mtaani, cheupe, cha mviringo. Bi Akiba alizunguka maduka mpaka akapata kinachofanana. Kidonge chenyewe cha jioni, cha utafiti, alikitia kwenye kopo la majani ya chai, juu ya kabati, na kopo lile lilikuwa linakaribia kujaa.

Msimwone mchawi. Mwanzoni mumewe alipata nafuu kubwa. Miguu ilinywea, mito mitatu ikawa mmoja, akarudi kunyoa amesimama na kuimba vibaya kama zamani. Bi Akiba aliona kwa macho yake. Ndipo hofu ikamwingia, maana aliyeuona mkate ndiye anayeogopa njaa. Siku ya kwanza kabisa, daktari alipomaliza maelezo yake marefu na kuuliza kama kuna swali, watu wote walinyamaza isipokuwa yeye.

"Utafiti ukiisha, daktari, hii dawa tutaipata wapi?"

Daktari alishika mkoba wake kwa mikono miwili, akauweka mapajani. "Tutaona, mama," akasema. "Jambo hilo bado linazungumzwa."

Bi Akiba alikuwa mtu mzima. Alijua "tutaona" maana yake nini inapotoka kwa mtu aliyeshika mkoba. Alirudi nyumbani, na mume alipopata nafuu, akaanza kuweka akiba.

*

Alfajiri moja kinyozi aliamka hana pumzi. Midomo ilikuwa ya rangi ya majivu, na kifuani mlikuwa na sauti ya chungu kinachochemka. Jirani mwenye gari aliwafikisha hospitali bila kuuliza lolote, na watu wa namna hiyo Mungu awaongezee. Wodini walimpa hewa ya mtungi na sindano ya kutoa maji, na jua lilipopanda alikuwa ameketi kitandani, anaweza kusema maneno mawili matatu kwa pumzi moja.

Daktari wa Mito aliitwa kwa kuwa mgonjwa alikuwa wake. Alikuta muuguzi anamuuliza kinyozi maswali ya kulazwa, na mkewe ametoka kwenda kujaza chupa ya maji.

"Nyumbani unalalia mito mingapi, baba?"

"Mitatu," kinyozi akasema. Akavuta hewa. "Na koti."

"Tangu lini?"

"Zamani kidogo. Mke wangu anasema... nisiwatie wasiwasi. Mtanitoa kwenye dawa."

Bi Akiba alikuwa amesimama mlangoni na chupa yake. Daktari alimtazama, kisha akatoka naye koridoni, mpaka kwenye lile tangazo la kunawa mikono.

"Mama, sikukasirikii. Lakini mumeo anameza dawa yote, chupa zinarudi tupu, na bado anazama. Basi dawa yetu haimfai. Leo nitamwambia mkuu wangu tumsimamishe, wenzangu wa wodini wamjaribie njia nyingine."

"Msimsimamishe."

"Kwa nini nisimsimamishe?"

Bi Akiba alifungua kifuniko cha chupa ya maji, akakifunga, akakifungua tena. "Hamezi yote," akasema.

Akaeleza. Alieleza vizuri, bila kulia, kama anayemweleza mtu njia ya kwenda sokoni: kopo, kabati, maduka ya dawa. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akaegemea ukuta.

"Ukampa kitu kingine badala ya dawa, mgonjwa wa moyo, ukamwambia ndiyo dawa?"

"Si ninyi mlionifundisha?"

"Sisi?"

"Ulisema pale ndani. Wengine tutawapa kidonge kitupu, kinafanana, na mgonjwa hatajua. Nikakuuliza, si kumdanganya huko? Ukasema hapana mama, hakina madhara, ni kwa faida ya baadaye." Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Na mimi nilikuwa natafuta faida ya baadaye. Nimekosa wapi, ninyi msipokosea?"

Kuna maswali ambayo hata mwenye shahada tatu hawezi kuyajibu akiwa ameegemea ukuta. Lilikuwapo jibu: kinyozi aliambiwa mapema kuhusu vidonge vitupu vya utafiti, akakubali, ila vya mkewe hakuambiwa. Daktari alilijua. Lakini nyuma ya jibu hilo aliliona lile "tutaona" lake mwenyewe, likamfunga mdomo.

"Nilichoweka, ni dawa?" Bi Akiba akauliza. "Au ni kile kitupu?"

"Sijui."

"Nimekwambia ukweli wangu wote, na wewe niambie."

"Mama, sijui. Wallahi sijui. Siruhusiwi kujua." Akamshika mkono. "Siku nitakayojua nitakuja kwako kwa miguu yangu, nikwambie mwenyewe. Kopo nalo ulilete, sawa? Sheria ni kwamba vyote virudi."

"Nitalileta," Bi Akiba akasema. Hakulileta.

*

Bi Akiba mwenyewe ndiye aliyemwambia mumewe mchana ule, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika kisahani cha ndizi ambayo hakuna aliyeila. Kinyozi alitazama kucha zake. Maji ya mtungi wa hewa yalikuwa yanatoa mapovu kidogokidogo pembeni.

"Kwa hiyo nilikuwa nameza vitamini."

"Jioni tu."

"Ndiyo maana kucha zimekuwa nzuri."

"Usinichekeshe. Nitukane."

"Sina pumzi ya kutukana." Akangoja hewa. "Ulidhani nitaishi mpaka utafiti uishe?"

"Nilijua utaishi."

"Basi ulinipa heshima kubwa," kinyozi akasema, na akampapasa kichwani kama anayekadiria nywele zikatwe kiasi gani. Bi Akiba alilia hapo. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageukia ukuta kwa adabu.

Huko ofisini, mkuu wa utafiti, profesa mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alisikiliza habari ile na kukunja uso. Hakuwa mtu mbaya. "Tumwondoe kwenye hesabu," akasema. "Hakumeza. Atatuchafulia."

"Aliyeingia anahesabiwa, Profesa. Wewe ndiye uliyenifundisha. Tukiondoa kila asiyetufurahisha, tutabaki na dawa inayoponya wale waliopona."

Profesa akacheka bila furaha. "Haya, abaki. Lakini lile kopo lirudi."

"Na tuwape jibu, Profesa. Watapata wapi dawa tukiondoka. Jibu, si 'tutaona'."

"Jibu hilo haliko mikononi mwangu."

"Basi tukawasumbue wale ambao liko mikononi mwao. Bi Akiba hayuko peke yake."

Hilo la mwisho daktari alilisema kwa kukisia, akaenda kulithibitisha. Wiki zile alizunguka nyumba za wagonjwa wake, na safari hii hakuuliza, "Unameza?" Alikaa, akanywa maji aliyopewa, akauliza, "Mmeweka akiba kiasi gani?" Wengine walishtuka, wakakana. Lakini bibi mmoja alikwenda chumbani akarudi na soksi yenye vidonge. Mzee mmoja alivua kofia, navyo vimo. Mama mmoja alisema anampelekea nduguye kijijini, naye moyo wake si mzuri. Walikuwa wanapima dawa kwa kuila nusu, na mtu akila nusu hawezi kujua kitu kizima kina ladha gani. Na ambao wangeihitaji dawa hiyo siku za usoni walikuwa watoto wao wenyewe.

Daktari na Profesa waliandika, wakapiga simu, wakaitwa wasumbufu. Mwishowe jibu lilikuja, na lilikuwa jibu la kweli: dawa ikionekana inafaa, kila aliyeshiriki ataendelea kuipata. Siku daktari alipolitangaza pale koridoni, soksi nyingi zilirudishwa.

Kinyozi hakuiwahi siku hiyo. Alikuwa amerudi nyumbani, akameza vyote, asubuhi na jioni, akijitilia mwenyewe mkononi. Mkewe alikuwa akiangalia tu. Mito haikupungua. Alifariki jioni moja akiwa ameketi, mkewe akimnyoa, kwa kuwa alitaka aonekane mtu.

*

Utafiti ulipofungwa na siri kufunguliwa, ilionekana dawa inasaidia. Si muujiza, lakini inasaidia. Kwenye orodha, daktari hakumtafuta mgonjwa mwingine yeyote kwanza. Alitafuta mmoja, akasoma, akafunga macho kidogo, akachukua mkoba wake.

"Na lile kopo," Profesa akamkumbusha mlangoni. "Ndilo pekee lililobaki."

Bi Akiba alimpokea vizuri, akamfutia kiti vumbi ambalo halikuwapo. Chumba kilikuwa kilekile, kitanda kina mto mmoja. Kopo lilikuwa juu ya kabati.

"Niliahidi nitakuja," daktari akasema. "Mama, mumeo alikuwa upande wa vidonge vitupu. Tangu mwanzo mpaka mwisho. Cha asubuhi kitupu, cha jioni kitupu. Hukumnyima chochote."

Bi Akiba alivuta kitambaa cha meza kikakaa sawa.

"Una roho nzuri, mwanangu. Nakushukuru."

"Si roho nzuri. Ni kweli."

"Nilimwona akipona. Miguu ikanywea. Akaimba."

"Alikuwa anatunzwa, mama. Anapimwa, anaulizwa, anatumaini. Na zile dawa zake za zamani ulimsimamia akazimeza vizuri. Wapo wengi walionyanyuka hivyo kwa muda, kisha moyo ukaendelea na safari yake. Ndiyo sababu tunafanya kazi hii, kwa sababu macho yanaona hivyo."

"Siku ile uliposema tutaona," Bi Akiba akasema kwa upole, "ulishika mkoba hivyohivyo."

Daktari alitazama mikono yake. Kweli ilikuwa imeushika. Aliuweka mkoba sakafuni, akarudia maneno yaleyale mikono ikiwa mitupu, na akaona hayajafika popote. Ukiacha lile "tutaona", maisha yake yote hakuwahi kupindisha jibu hata moja, na leo alikuwa na jibu lililonyooka, na hakuna wa kulipokea.

"Natakiwa nirudi na kopo," akasema hatimaye.

Bi Akiba akainua macho. "Kama ni unga, mnautakia nini?"

Sababu zilikuwepo. Daktari angeweza kuzieleza zote, na kila moja ingemfanya mjane huyu aamini zaidi kwamba ndani ya kopo mna uhai wa mumewe. Sheria ni sheria, na yeye ndiye aliyezifundisha kwa wengine. Alisimama, akaokota mkoba.

"Libaki hapa, mama," akasema. "Halina kitu."

Alikwisha kuvuka kizingiti aliposikia akiitwa.

"Daktari."

Bi Akiba alikuwa amelishusha kopo, amelishika kifuani. Alitazama kopo, akamtazama mtu anayeliacha. Uso wake ulikuwa unabadilika polepole.

"Basi kweli ni unga?"

"Kweli, mama."

Daktari alingoja kuuona mzigo ukimshuka. Alidhani nafuu ndiyo aliyomletea. Bi Akiba akaketi kitandani, kwenye mto ule mmoja, na kilio kilichomtoka hakikuwa kile cha wodini. Miezi yote ile alikuwa amejilaumu kwamba angeweza kumwokoa, na ndani ya lawama hiyo mlikuwa na faraja: kwamba palikuwa na cha kumwokoa.

"Kumbe sikuwa na kitu," akasema. "Jamani, kumbe sikuwa na kitu mkononi."

Daktari akarudi ndani, akaketi kando yake. Hakuuliza swali lolote.